Dakika Kumi Kati ya Treni na Kivuko

Jumapili, 7 Juni

Leo ni mwaka mmoja, miezi saba na siku nne tangu niondoke nyumbani. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata siku tano, nikaona moyo unauma zaidi, nikahesabu tena.

Mama watoto amepiga simu. Nilikuwa nimesimama juu ya ndoo nyuma ya jiko la kambi, maana hapo ndipo mtandao unapopatikana, tena kwa mguu mmoja. Harusi ya binti yetu mkubwa ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, uani kwetu. Nusura nianguke. Nikauliza mbona ghafla hivyo. Akasema si ghafla, wamenitafuta wiki tatu nzima. Kweli. Ndoo alikuwa ameichukua mpishi.

Halafu akasema neno lililonichoma. Nisipofika, kaka yake atasimama mahali pangu na kumkabidhi mtoto. Shemeji yangu huyo tunamwita Mwenyekiti, kwa kuwa hajawahi kuingia mahali akakosa kiti cha mbele. Suti ameshashonesha. Na eti jana amefanya mazoezi, ametembea na binti yangu kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye tangi la maji, na kurudi. Mara tatu!

Haiwezekani. Mtoto yule nilimbeba mabegani kwenda kuchanjwa, akanitapikia shingoni. Mwenyekiti alikuwa wapi? Amekaa.

Jumatatu, 8 Juni

Mnyapara amenipa likizo. Siku sita, Ijumaa hadi Jumatano. Akasaini huku ameegemea mtaimbo, akasema nirudi na miguu yangu, nisirudi na visingizio.

Sasa tatizo. Treni ya asubuhi inasimama hapa kambini saa kumi na moja alfajiri, inafika stesheni ya mwisho saa nne na dakika kumi. Kivuko cha kwenda kwetu ng'ambo kinaondoka saa nne kamili. Dakika kumi! Kila siku ya Mungu treni inaleta watu wa kivuko, na kila siku kivuko kimeshaondoka. Jumamosi ndiyo hakivuki kabisa, wanakiosha. Juu ya hayo, kutoka stesheni hadi gatini ni kilomita nne, na kilima katikati. Basi lipo, ila linazungukia hospitali, soko na kiwanda cha sabuni, kama mtu anayemkwepa mkwewe.

Nadhani reli hii ilijengwa na watu waliogombana na maji.

Profesa, ninayelala naye chumba kimoja, amesema jambo ni jepesi. Nipande treni ya Alhamisi, nilale gatini, Ijumaa niamke nipande kivuko kama mtu mwenye akili. Huyu tunamwita Profesa kwa sababu alisoma madarasa mawili zaidi yangu na hajatusamehe. Hata mnyapara akaunga mkono, akasema likizo inaweza kuanza Alhamisi na kuisha Jumanne.

Nimekataa. Kuisha Jumanne maana yake nyumbani napungukiwa siku moja. Mwaka na miezi saba, halafu siku nzima niitupe kwenye benchi la gati? Mama watoto ataniuliza nilikuwa wapi. Nitasema benchini?

Lazima kuna njia. Dakika kumi si mlima.

Jumanne, 9 Juni

Mpango wa kwanza: kuongea na wakubwa.

Wakati wa chakula cha mchana nilikimbia hadi kwa bwana stesheni wa hapa kituoni. Nikamweleza kwa heshima kwamba treni ikitoka mapema kidogo tu, abiria wote watawahi kivuko. Akanisikiliza vizuri sana, akiwa anachonga penseli. Akasema yeye ni mtu wa reli. Reli inapoishia na kazi yake imeishia. Maji yana watu wake.

Nikapanda ndoo, nikapiga ofisi ya kivuko. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya usingizi. Akasema kivuko kinaondoka saa nne tangu yeye hajaolewa, na sasa ana wajukuu. Nikamwomba wasubiri dakika kumi tu, Ijumaa hii. Akasema, “Baba, nikikusubiri wewe itabidi niwasubiri wote.” Nikasema ndiyo hasa, mama, wote wamo ndani ya treni hiyo! Akacheka sana. Akamwita mwenzake aje anisikilize, nikarudia yote tangu mwanzo, na yule mwenzake naye akacheka. Halafu wakakata.

Usingizi umekataa. Kila nikifumba macho namwona Mwenyekiti anakwenda kwenye tangi la maji.

Jumatano, 10 Juni

NIMEPATA!

Nashangaa sikuona mapema, maana kitu chenyewe nakikanyaga kila siku. Treni inachelewa kwa sababu yetu! Hapa kilomita ya arobaini na tatu tunabadilisha mataruma, yale magogo yanayoshika reli. Mahali tunapofanya kazi tunasimika vibao viwili vya manjano, kimoja kila upande, kumwambia dereva aende pole. Basi treni inajikokota kilomita nzima na zaidi kama mzee anayetafuta miwani. Nimemuuliza mnyapara inapoteza muda gani. Akasema dakika kumi na nane hivi.

Tukimaliza kazi kesho, vibao vitang'olewa. Vikishang'olewa, Ijumaa treni itafika saa tatu na dakika hamsini na mbili. Pikipiki kutoka stesheni hadi gatini ni dakika nane. Hamsini na mbili na nane ni sitini. Saa nne kamili! Imelingana kama kofia na kichwa.

Profesa akauliza, je, tiketi? Akasema dirisha la tiketi gatini hufungwa nusu saa kabla. Nikamwambia wivu ni ugonjwa.

Tatizo moja tu: yalibaki mataruma sitini na mawili, kazi ya siku tatu. Nikawaita wenzangu, nikawaambia harusi ya binti yangu iko mikononi mwao. Nikawaahidi keki, kila mtu kipande, nitakileta mwenyewe. Fundi wa boliti akauliza keki ya ghorofa ngapi. Nikasema tatu. Mungu anisamehe, sijui hata kama ipo.

Nimeshampata na mwenye pikipiki kwa simu. Amesema hana shida, ataningoja getini pa stesheni. Nikampigia tena kuhakikisha. Nikampigia tena jioni. Amesema nisipige tena.

Alhamisi, 11 Juni

Mikono haishiki kalamu vizuri, malengelenge matatu yamepasuka. Lakini tumemaliza! Tangu kumekucha hatukuinua kichwa. Hata Profesa alishika sururu bila kutoa mhadhara. Taruma la mwisho liliingia jua likiwa linazama, tukashindilia kokoto, mnyapara akapiga magoti akalaza jicho juu ya reli. Akasimama, akajipangusa magoti, akasema reli iko sawa.

Kung'oa kibao niliomba mwenyewe. Mnyapara akasema haya, baba wa bibi harusi, nenda. Nikatembea peke yangu mwendo mrefu kufuata reli, nikakikumbatia kile kibao, nikakitikisa, kikatoka. Nikakibeba begani hadi kambini. Watu wakapiga makofi. Nimekilaza chini ya kitanda changu kwa leo.

Begi liko tayari. Shati jeupe, viatu, na kitambaa nilichomnunulia mama watoto. Nimepiga mswaki mara mbili bila sababu. Kesho!

Ijumaa, 12 Juni, ndani ya treni

Saa moja na nusu asubuhi.

Tulitoka salama. Nikapata kiti cha dirishani. Nikawaambia abiria wote wa behewa langu kwamba leo treni itawahi, watanikumbuka. Mama mmoja mwenye mizigo ya kivuko akanibariki. Tukakaribia kilomita ya arobaini na tatu, nikasimama ili niione kazi ya mikono yetu ikipita kwa kasi.

Treni ikapunguza mwendo.

Ikapunguza tena. Nikatoa kichwa nje. Kibao cha manjano! Kimesimama wima kama askari, kinatazama treni ya kwenda gatini.

Vilikuwa viwili. Mimi niling'oa kimoja. Tena niling'oa kile cha treni inayotoka gatini. Ndicho kilichokuwa upande wa gati, ndicho nilichokuwa nakitazama siku zote nikiwa kazini, nikasahau kabisa kwamba kina mwenzake upande wa kambi, hata nikampita gizani nikirudi. Miaka miwili karibu nafanya kazi hii!

Tukapita pole pole mbele ya genge letu zima, wamejipanga pembeni kuniaga. Walikuwa na nafasi ya kutosha kunitazama, hata ya kunisalimia mmoja mmoja. Nilipiga kelele waking'oe. Fundi wa boliti akatembea sambamba na dirisha langu, hata hakuhitaji kukimbia, akaniuliza keki iko palepale? Mnyapara akasema kwa upole, “Mchuma janga hula na wa kwao. Safari njema.” Profesa alitoa kofia yake akaishika kifuani, kama mtu aliyeona msiba unapita. Heri angetoa mhadhara.

Mama wa mizigo ananitazama. Nimejifanya nalala.

Ijumaa, jioni, gatini

Treni imefika saa nne na dakika kumi. Barabara! Siku nyingine huchelewa, leo imefika kama ilivyoandikwa.

Bado nilikuwa na tumaini. Huenda na kivuko kimechelewa. Nikatoka mbio hadi getini. Pikipiki hakuna. Nikapiga simu. Akasema alingoja tangu saa tatu na dakika hamsini na mbili kama nilivyomwamuru, treni haikuja, amempakia mtu mwingine. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema kilimani. Nikatazama kilimani, nikamwona kwa macho yangu: yeye, baba mmoja mnene nyuma yake, na godoro la watu wawili kichwani mwa yule baba.

Nikakimbia. Kilomita nne na begi. Mwenzangu, godoro nililifikia! Kwenye mwinuko pikipiki ilikuwa imezimika, na wao wanaisukuma. Mwenye pikipiki akasema nisaidie basi. Nikasaidia! Sijui kwa nini. Tulipofika kileleni nikaona maji yote, na kivuko katikati yake, kidogo kama kiatu cha mtoto.

Dirisha la tiketi lilikuwa limefungwa. Limeandikwa: hufungwa nusu saa kabla. Sitamwambia Profesa.

Nimekaa benchini. Kesho hakuna kivuko. Nimewaza mambo mengi, mengine ya aibu. Nimewaza binti yangu anatoka mlangoni, anageuza shingo kushoto na kulia. Nimewaza ananiona sipo. Nikalia kidogo, nikajidai ni vumbi. Mzee anayefagia gati akaniambia hakuna vumbi, amefagia sasa hivi.

Lakini ndiye aliyeniokoa. Akasema gati la mizigo, nyuma ya maghala, kuna meli ya saruji inayovuka leo, inafika ng'ambo kesho saa moja asubuhi. Nikaenda nikamkuta nahodha anakula. Akasema abiria hapakii, ni marufuku. Nikasimama tu pale. Nadhani uso wangu ulikuwa mbaya. Akameza, akaniambia abiria hapakii, lakini amepungukiwa mchukuzi mmoja.

Nimebeba saruji tangu saa saba mchana hadi sasa. Simu imekufa, chaji yote nilimalizia kwa mwenye pikipiki. Nyumbani hawajui niko wapi. Lakini saa moja asubuhi! Harusi saa nne. Nimepata nafasi ya saa tatu nzima, hata ya kuoga. Ukitazama vizuri, mpango umekwenda vyema kuliko nilivyoupanga.

Jumamosi, 13 Juni, ndani ya meli ya saruji

Saa moja asubuhi. Tumefika! Nauona mji. Naliona paa la shule ya watoto wangu.

Saa mbili. Hatujafunga gati. Kuna meli nyingine mahali petu, inashusha mabomba. Nahodha anasema subira.

Saa tatu. Bomba moja linashuka kwa dakika nne. Yamebaki mengi, nimeacha kuhesabu.

Saa nne. Sasa hivi, wakati naandika, Mwenyekiti anavaa koti. Nimemuuliza nahodha kama kuna mashua ndogo. Ipo, imetoboka. Nimemuuliza maji yana kina gani. Akaniuliza naweza kuogelea. Nikasema siwezi, naulizia tu.

Saa sita. Nimepiga kelele kuelekea nchi kavu. Mtu mmoja amenipungia mkono.

Saa saba na nusu. Bomba la mwisho. Sioni maandishi vizuri.

Jumapili, 14 Juni, nyumbani

Nyumbani! Naandika nikiwa mezani kwangu, kwenye kiti changu, na chini ya mguu mmoja wa meza kile kipande cha ubao nilichokiweka mwenyewe zamani kabla sijaondoka.

Nilishuka saa nane mchana, nikakimbia. Sikuoga. Sikubadilisha. Shati jeupe lilikuwa begini, lakini nikaona kufungua begi ni kupoteza dakika. Nikaingia uani saa tisa kasorobo, mweupe kuanzia nywele hadi kucha. Shangazi yangu akapiga yowe akadhani nimekufa na roho yangu ndiyo imekuja kuaga.

Walikuwa hawajaanza.

Kwa muda wa karibu saa tano walikuwa wamekaa pale. Wageni wamelala vitini. Watu wa upande wa bwana harusi wamenuna. Mwenyekiti alishasimama mara tatu ndani ya ile suti, akanyoosha mkono kumchukua binti yangu, na mara tatu binti alikataa kunyanyuka. Mama watoto amenisimulia. Mara ya kwanza alisema baba anakuja. Mara ya pili alisema baba anakuja, mnamjua. Mara ya tatu Mwenyekiti akamwambia mwanangu, watu wana njaa, twende. Akamjibu, “Mjomba, wewe si Mwenyekiti? Kaa.”

Aliponiona akacheka, akalia, akacheka tena. Mwaka na miezi saba, na amekuwa mrefu, au mimi nimejikunja. Nilitaka kusema kitu cha baba. Nikasema, treni. Akasema anajua, baba. Nikamshika mkono. Alama ya vidole vyangu ikabaki kwenye mkono wa gauni, vidole vitano vya saruji. Wakataka kufuta. Akasema atakayegusa atamkoma.

Jambo moja lazima niliandike ingawa sipendi. Kabla hatujatembea, Mwenyekiti alivua koti lake akanivika. Linanibana kwapani. Sikumshukuru, nitamshukuru kesho.

Halafu usiku sikulala, nikawa nawaza hesabu. Watu wale wote walisubiri karibu saa tano bila shida yoyote. Kumbe dakika kumi nilizohangaika nazo wiki nzima si kitu! Kosa langu lilikuwa kuharakisha.

Jumatano, 17 Juni, stesheni

Mama watoto aliniambia niondoke jana. Mwenyekiti naye alisema hivyohivyo, na hapo ndipo nilipojua si ushauri mzuri. Walisema kivuko kinafika upande huu saa kumi kasorobo jioni na treni ya kambini huondoka saa kumi kasoro dakika kumi, kwa hiyo mtu husafiri siku moja kabla na kulala. Nikawaeleza kwamba treni nazijua, ndizo kazi yangu, na treni ya jioni haijawahi kutoka kwa wakati tangu nianze kuishi kando ya reli. Nikabaki siku yangu. Tulikaa mlangoni, mimi na mama watoto, tukamenya karanga, tukaongea mpaka maneno yakaisha, tukanyamaza pamoja. Siku hiyo sijuti hata chembe.

Leo treni imetoka kwa wakati.

Nilikuwa kilimani, juu ya pikipiki ya mtu yuleyule, hakuna mwingine. Safari hii haikuzimika. Tuliiona treni kwa chini ikikata kona, behewa la mwisho likipotea. Akaniuliza anirudishe gatini au anifikishe stesheni. Nikasema stesheni, nimekwishaanza.

Nimemtumia mnyapara ujumbe kwamba kesho asubuhi sitakuwepo kazini, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu. Amejibu neno moja ambalo siliandiki humu. Keki imo ndani ya begi, nimeikalia mara moja tu.

Lakini hasara hii ina faida yake. Benchini hapa nimekaa na ratiba zote mbili magotini, ya reli na ya maji, na nimegundua kitu ambacho ofisi zote mbili hazijakiona. Jumanne ya kwanza ya mwezi kivuko hujaza mafuta kabla ya kuondoka. Mafuta hayajazwi kwa dakika mbili, ni lazima kichelewe, na kikichelewa dakika kumi tu, mimi nimo. Kulala gatini hakuna haja.

Nimemwandikia mama watoto asimwambie mtu, hasa kaka yake. Jumanne tarehe moja Desemba, likizo yangu ijayo, kwa treni ya asubuhi, saa kumi na moja jioni niko mlangoni. Aweke maji ya kuoga.